Majani ya Bwana Kimya

Ninyi mnaokuja kwenye kazi ya makaratasi ya zamani na vyeti vyenu mkononi, kaeni chini kidogo. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, maana mzee wangu alinitoa nikalinde nguruwe pori wasimalize mihogo kule Gwata. Lakini ukiwa na karatasi iliyolowa, ikaota ukungu, ikashikana na mwenzake kama chapati za jana, hapa Kibaha utaambiwa mpelekee Mzee Pazi, mtaa wa Kwa Mathias, nyuma ya maduka ya simenti. Nimestaafu na bado wananigongea mlango. Kwa hiyo nikisema jambo la karatasi usiniulize nimelisoma wapi.

Nilianza kwa kufagia. Kituo chetu cha nyaraka wakati ule kilikuwa ghala tu lenye paa la bati, limejaa mafaili ya mashamba ya wakoloni, ramani, barua za watu waliokwisha kusahauliwa. Fundi alikuwa Mzee Kondo, mtu wa maneno makali na mikono laini. Siku yangu ya kwanza aliniona nalamba kidole ili nifunue faili. Akanidaka mkono.

"Unajua faili hili limepakwa nini?"

"Sijui, mzee."

"Dawa ya mende. Haya, lamba tena."

Tangu siku hiyo sijalamba kidole, hata nikifunua msahafu.

Yeye ndiye aliyenifundisha gundi ya wanga wa muhogo. Unakuna, unachuja kwa kanga iliyokunjwa mara mbili, unaacha wanga utulie, unamwaga maji, unapika kwa moto mdogo huku unakoroga upande mmoja tu. Ukishang'aa unatia tone kwenye ukucha. Likiteleza, bado. Likikaa, tayari. Gundi hiyo ukikosea unailowesha, inaachia, unaanza upya. Selotepu ukikosea umeua. Kulikuwa na bwana mmoja pale masijala aliipenda selotepu kama mke wa pili; kila kilichochanika alikibandika. Baada ya miaka, ile selotepu iligeuka rangi ya mkojo na kula maandishi yote yaliyokuwa chini yake. Mimi ndiye niliyekaa kuibandua kwa kibanzi cha mfupa, na nilimtaja jina kila siku, si kwa heri.

Siku hizi mnapiga picha karatasi, mnaiweka kwenye kompyuta, mnasema imepona. Sawa, pigeni. Ila mimi sijaona picha ya mgonjwa ikimeza dawa.

Sasa niwaeleze habari ya Mzenga. Ukinisikia najisifu kuhusu karatasi, kumbuka pia kwamba kuna siku niliwekewa mbele kitu nisichokijua, na aliyekijua hakuwa mimi.

Alikuja bibi mmoja kituoni, mtu mzima sana, mwembamba, kajifunga kaniki na ushungi mweupe. Ametoka Mzenga, ndani huko Kisarawe. Aliingia akasimama mlangoni akiyatazama makabati.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Marahaba. Hapa ndipo mnapoweka makaratasi ya watu waliokufa?"

"Ndipo hapa."

"Na ya waliopotea?"

Nikamwita Neema. Neema alikuwa mkuu wetu, binti mdogo wakati ule, kasoma mpaka ng'ambo, na nasema wazi: mtu mwema, na kichwa kinachofanya kazi. Akamkalisha bibi, akampa maji, akamwambia bibi kama ameleta nyaraka tutampa risiti.

"Sikuleta. Na sikuja kutoa," bibi akasema. "Nimekuja kuuliza mwenyewe yuko wapi, nimrudishie chake. Mimi naondoka duniani, na sina ninayemwamini wa kumwachia."

Jina lake Bi Mwajuma. Baba yake, Mzee Saidi, alikuwa mpishi wa Mjerumani mmoja aliyekuwa na shamba la mpira kwenye vilima vya Kisarawe, enzi za Mwingereza. Watu walimwita Bwana Kimya. Kila alfajiri alikaa barazani amekunja miguu, amefumba macho, haongei mpaka jua litoke. Wakata mpira walisema karogwa. Nyama hali. Siafu wakiingia ndani anahama yeye, anawaachia chumba. Mzee Saidi alikuwa akisema alimpikia bwana yule kisamvu mpaka kisamvu chenyewe kikachoka.

Ilipokuja vita ya pili, askari wakaja kumchukua kwa sababu ni Mjerumani. Akapewa muda wa kufunga nguo tu. Akamwita mpishi wake jikoni, akampa sanduku la mbao, akamwambia, "Saidi, niwekee. Atakuja mtu wangu." Akapandishwa lori. Hakurudi, na hakuna mtu aliyekuja.

Mzee Saidi alilitunza mpaka akafa. Na alipokuwa anakufa hakumpa mtoto wa kiume, maana wanawe wa kiume walikuwa wavutaji, na karatasi nyembamba za barua zile wangesokotea tumbaku mwezi mmoja zikaisha. Alimpa Mwajuma mkononi. Ndugu wakasema choma, hayo mambo ya masanamu yatakuletea balaa. Bibi akaenda kwa mwalimu wa madrasa. Mwalimu akamjibu kwamba amana ni amana. Aliyekuamini ni mtu, umrudishie mtu, dini yake ataulizwa yeye. Bibi akarudi nyumbani na jibu hilo, na akakaa nalo maisha yake yote.

"Sasa mimi nikifa halijafika," akamwambia Neema, "nitamwambia nini baba?"

Neema akaanza kuandika barua za kuulizia huko Ujerumani. Na kwa kuwa bibi hakutaka sanduku litoke ndani ya nyumba yake mpaka mwenyewe apatikane, mimi nikaambiwa beba vifaa vyako, uende ukayatengeneze makaratasi hukohuko.

Nikapita Mlandizi, nikachukua bodaboda mpaka Mzenga na begi langu la brashi, pamba, kanga za kuchujia na wanga kwenye kopo. Nilifika nimechoka, vumbi mpaka ndani ya masikio. Nikakaribishwa ndani, nikaona kitu cha kukalia, nikashusha makalio.

"Usilikalie!" bibi akapaza sauti.

Nikaruka kama nimekalia nge. Lilikuwa ndilo sanduku lenyewe, limefunikwa kitambaa safi, na miguu yake minne imesimama kwenye makopo ya oili chafu ili mchwa wasipande. Nyumba nzima, watoto, wajukuu, wageni, hakuna aliyewahi kulikalia. Hapo nikamheshimu bibi yule. Makopo ya oili chafu! Nani aliyemfundisha? Sisi kituoni tulikuwa tunaandika barua ya kuomba makabati ya chuma.

Barua zilikuwa katika hali nzuri kuliko nyingi nilizokuta kwenye ofisi za serikali. Kulikuwa na barua alizopokea, na nakala za kaboni za alizopiga yeye mwenyewe kwa taipu. Nawaambia vijana: nakala ya kaboni usiifute hata kwa pamba. Wino wake umekaa juujuu kama unga. Unapuliza kwa mdomo, basi.

Neema alikuja mara kadhaa, akisoma zile za Kiingereza na kututafsiria. Kumbe Bwana Kimya alikuwa mmoja wa Wazungu wachache wa zamani waliokuwa wanajifunza dini ya Budha, ya watu wa Ceylon, Sri Lanka ya leo, na nchi za huko, wakati kwao Ulaya watu hawakuijua kabisa. Ujana wake aliwahi kuishi Ceylon. Barua zilikuwa kati yake, na rafiki yake aliyebaki huko Ceylon, na profesa mmoja mzee wa kwao. Na unadhani waliandikiana nini? Walibishana. Neno moja la kitabu chao cha dini walibishania barua kwa barua, meli kwa meli. Profesa anasema maana yake ni maumivu. Rafiki anasema hapana, ni kama gurudumu lililokaa vibaya kwenye ekseli, safari nzima linakutikisa.

Bi Mwajuma akasimamisha kusuka ukili.

"Kama mkokoteni wa Shabani," akasema.

Shabani ni mwanawe. Alikuwa kakaa mlangoni. "Mama, mkokoteni wangu umeingiaje kwa Budha?"

"Umeingia. Huyo bwana alikuwa sahihi. Mwandikie, Neema."

"Bibi, alishakufa."

"Hata hivyo alikuwa sahihi."

Siku nyingine Neema alisoma nakala moja ya kaboni, akarudi mwanzo, akaanza tena polepole. Bwana Kimya alikuwa anamwandikia rafiki yake: mpishi wangu kaniuliza kwa nini nakaa kimya kila asubuhi. Nikamwambia nasikiliza. Akaniambia, basi bwana, sikiliza na chungu chako kinachoungua jikoni.

Bibi alicheka mpaka akajifunika uso kwa ushungi. Kisha hakuutoa ule ushungi kwa muda. "Ndiyo maneno yake," alisema akiwa humohumo ndani. "Ndiyo baba kabisa."

Basi kazi ilikwenda. Jibu likaja: Bwana Kimya alikuwa na dada, na dada alikuwa na mjukuu, mama mtu mzima anaitwa Hanna, naye anakuja. Bibi akapiga chokaa nyumba. Akanunua vikombe.

Sasa kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikuwa tena sandukuni. Chini ya barua, tangu zamani, palikuwa na fungu la majani makavu, marefu kama mkono mpaka kiwiko, yamepangwa juu ya mengine, yametobolewa matundu na kupitishwa uzi. Ni maandiko ya Ceylon. Watu wa huko zamani waliandika kwa kukwaruza jani la aina ya mnazi kwa ncha ya chuma. Bibi alipoona nondo wanayazunguka, miaka mingi nyuma, aliyatoa akayaweka darini juu ya jiko, penye moshi, kama tunavyoweka mbegu. Akili nzuri kabisa. Nondo hawakugusa. Ila moshi wa miaka yote hiyo uliyageuza meusi tii, na uzi ukaoza, na hapohapo darini ndipo zilipokaa pia ukindu na miyaa ya kusukia.

Shabani alikuwa ameoa karibuni. Mkewe, Zuhura, msichana mchapakazi, alitaka kumfurahisha mkwewe kabla mgeni hajafika.

Nilifika asubuhi moja nikamkuta uani kainamia beseni, maji meusi kama ya kahawa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unaloweka nini, mama?"

"Miyaa ya kapu, babu. Migumu hii! Nimeiloweka tangu jana ndiyo kwanza inalainika. Na panya wameitoboa."

Nikatazama matundu. Yalikuwa mawili mawili, yamepangana sawasawa. Panya gani anatumia rula?

Bi Mwajuma alikuwa anatoka bandani. Akatazama beseni. Akatazama dari. Alikaa chini, papo hapo kwenye mchanga, na mimi nikaona mtu aliyebeba kitu maisha yote akikitua mlangoni na kukivunja.

Zuhura alishaelewa. Akaanza kulia. "Nimepasua moja, mama. La juu. Nilikuwa najaribu."

"Mzee Pazi," bibi akaniita. "Fanya."

Hapo ndipo nilipojua ukubwa wa kazi yangu na mwisho wake. Nikasema kweli. "Bibi, mimi naijua karatasi. Jani silijui. Na wino naona umekwenda na maji."

Akajishika magoti, akasimama.

"Jani nalijua mimi," akasema. "Zuhura, nyamaza, lete mkeka. Ule laini. Jani haliogopi maji, linaogopa kukauka vibaya."

Sikuwahi kuona mikono kama ile tangu Mzee Kondo. Alilitoa kila jani kwa kuliinua katikati, si kwenye ncha. Akaliburuza taratibu kati ya vidole viwili, maji yakatoka. Akayalaza kivulini juu ya mkeka, akayafunika kwa mkeka mwingine, akamkalisha mjukuu kila upande ili yasijikunje. Mimi nikawa wa kugeuza tu nikiambiwa geuza. Jua halikuyagusa. Yalipokauka yalikuwa yamenyooka, safi, rangi ya asali. Na matupu. Ukilitega jani kwenye mwanga uliona mikwaruzo, kama kuku kapita. Kusoma huwezi.

Shabani akasema lile ambalo na mimi lilikuwa limeshanipitia. "Mama, yafunge tu kwenye kitambaa. Huyo mama hakuwahi kuyaona. Nani atajua?"

"Mimi."

"Mama..."

"Shabani, baba hakunikabidhi kitambaa."

Siku ikafika. Hanna alikuwa na mvi kama mimi, kavaa viatu vya kutembelea shamba, na alikuja na Neema pamoja na mtawa wa Kibudha anayeishi Dar es Salaam, ili awasomee majani. Mtawa kanyoa kichwa, kajifunga shuka la rangi ya manjano iliyokolea. Kijiji kizima kilikuja kutazama. Jirani mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu kahiji wapi, mbona ihramu yake ina rangi?"

"Kwetu nyeupe inachafuka haraka, bwana," mtawa akajibu, kwa Kiswahili cha Kariakoo kabisa. Watu wakapasuka kwa kicheko, yule jirani akajificha nyuma ya mkewe.

Mwalimu wa madrasa alikuwepo, kaitwa kuwa shahidi. Hanna akainama, akatamka "Shikamoo" aliyoifanyia mazoezi. Bibi hakuitikia. Nikajua kwa nini. Hakutaka kupokea heshima kabla ya kusema.

"Subiri kwanza, mwanangu. Barua zenu zipo zote. Majani tumeyaharibu. Yalilowekwa kwenye maji, maandishi yakatoka. Yalikuwa mikononi mwangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyeyaharibu. Sasa ukitaka kunipa shikamoo, nipe."

Neema akatafsiri. Zuhura alikuwa nyuma ya mlango, nilikuwa naona kidole chake cha mguu tu. Hanna alibaki kashika mkoba. Mtawa akaomba aone.

Akafungua kitambaa. Akainua jani, akaligeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha. Halafu akacheka, si cheko la dharau, cheko la mtu aliyekutana na mtu wa kwao ugenini.

"Bibi, nipe masizi ya sufuria. Na mafuta kidogo ya nazi. Na kitambaa kikuukuu."

Zuhura alikimbia. Mtawa akachanganya masizi na mafuta kwenye kiganja, akalipaka jani lote mpaka likawa jeusi kama lilivyotoka darini. Nilitaka kumshika mkono kama Mzee Kondo alivyonishika mimi. Kisha akafuta kwa kitambaa. Weusi wa juu ukaondoka, uliobaki ukakaa ndani ya mikwaruzo. Maandishi yakatokea, ya mviringo, mstari baada ya mstari, kama ushanga uliomwagika ukajipanga wenyewe.

"Wino wa jani haukai juu," mtawa akasema. "Unakaa kwenye jeraha. Hata sisi huyaosha yakichakaa, tukayapaka upya. Moshi ulishayafunika, yasingesomeka. Huyu aliyeyaosha yuko wapi?"

Zuhura akasogezwa mbele, kainamisha kichwa.

"Njoo, dada. Kazi umeianza vizuri, uimalize." Akampa kitambaa.

"Na lile nililopasua?"

Akaliangalia. Halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Jani la juu, akasema, huachwa tupu kulinda mengine. Mwalimu wa madrasa akatamka alhamdulillahi kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

Bi Mwajuma alikuwa bado kasimama. "Haya," akamwambia Hanna. "Sasa sema umepokea. Waseme wamesikia."

Neema akamnong'oneza Hanna neno, Hanna akalisema mbele ya watu wote, vizuri kabisa: "Nimepokea."

"Tumesikia," tukajibu.

"Na ile shikamoo?" bibi akauliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Barua Hanna alituachia sisi Kibaha, ziko pale mpaka leo, na ninyi mtakaozishika muwe na mikono mikavu. Majani alimpa mtawa ayapeleke hekaluni kwao. Nikazihamisha barua zote kwenye maboksi yangu, nikalifuta sanduku ndani, nikamuuliza Hanna kama analichukua. Akatikisa kichwa, akamwonyesha bibi: lako.

Bi Mwajuma alilitazama sanduku tupu kama mtu anayemtazama mgeni aliyeishiwa maneno. Akaondoa kile kitambaa safi, akakikunja. Akageuka, akashika magoti, akakaa juu yake. Ubao ukalia. Wajukuu wote wakamtazama midomo wazi. Yeye akanyoosha miguu, kwanza mmoja, kisha wa pili.

"Zuhura mwanangu," akasema, "chai yangu niletee hapahapa."